Ibada Tulivu Huanza Jumamosi

Mtume Paulo alipowaandikia Wakorintho kuhusu mikutano yao, hakuishia kuwaambia wawe na utaratibu. Aliwapa hesabu. Wanaonena kwa lugha wawe wawili, wakizidi sana watatu, tena zamu kwa zamu, na mmoja afasiri. Pasipo mfasiri, mtu anyamaze, aseme na Mungu peke yake. Manabii nao wawili au watatu, wengine wapambanue. Aliyeketi akifunuliwa neno, yule anayesema anyamaze ampishe. Yote hayo yako katika waraka wa kwanza, sura ya 14. Ile sentensi tunayoipenda, "mambo yote na yatendeke kwa uzuri na kwa utaratibu", inakuja mwisho kabisa, mstari wa 40. Makanisa mengi huku Kusini mwa Tanzania yameubandika mstari wa 40 ukutani na kuiacha mistari ya 27 hadi 31 ndani ya kitabu, na kazi yenyewe iko huko.

Sababu ya Paulo ni ya kawaida sana: watu wajifunze na wafarijiwe wote. Vurugu haimuumizi mwenye sauti kubwa, maana yeye atasikika tu. Inamuumiza mgeni aliyekaa benchi la nyuma, bibi mwenye masikio mazito, mama aliyetoka kuuguza, kijana anayetaka kuomba lakini hapati hata dakika ya kuyasikia mawazo yake. Utulivu unatunzwa kwa ajili ya hao.

Wapo wanaosema utaratibu ni ubaridi wa Wazungu. Mtu wa Mtwara au Lindi hapaswi kusema hivyo. Aliyecheza jando au kuchezwa unyago anajua hakuna shughuli yenye masharti kama ile: nani anaanzisha wimbo, nani anaingia uwanjani, nani hathubutu kusema mbele ya nyakanga, mkuu wa shughuli. Askofu William Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Kianglikana wa Masasi kuanzia 1926, aliona heri jando la Wakristo liendeshwe chini ya Kanisa kuliko kulipiga marufuku, na hakuwa anashughulika na watu wasiojua taratibu. Ngoma na vigelegele havivunji utulivu. Kinachouvunja ni kutojua nani anafuata.

Wala mfuatano wa ibada si jambo la juzi. Karibu mwaka 155, Justin Mfiadini alieleza jinsi Wakristo walivyokutana Jumapili: maandiko yanasomwa kwa kadiri muda unavyoruhusu, kiongozi anahubiri, wote wanasimama kuomba, mkate na divai vinaletwa, wasiokuwepo wanapelekewa na mashemasi, na wenye nacho wanatoa kwa ajili ya yatima, wajane, wagonjwa na wafungwa. Mkatoliki wa Ndanda na Mwanglikana wa Masasi wote wataitambua ibada hiyo. Hata Mpentekoste ambaye hana kitabu cha sala ana mfuatano wake. Tofauti ni kwamba wa kwake uko kichwani mwa mchungaji, na mchungaji akisafiri unasafiri naye.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni karatasi. Jumamosi jioni, kiongozi wa ibada, mwalimu wa kwaya, kiongozi wa wahudumu wa mlangoni na fundi mitambo wakae nusu saa, waandike safu tatu: kitu gani, nani, dakika ngapi. Ibada ya saa mbili inaweza kugawanywa hivi: ufunguzi na wimbo wa kuingia dakika 10, toba na sifa 15, masomo 12, kwaya 10, mahubiri 25, sala za maombezi 8, sadaka 10, Meza ya Bwana 20, matangazo 5, baraka na wimbo wa kutoka 5. Jumla 120. Mkiijumlisha mapema mtagundua kisichoingia, na ni afadhali mkigundue Jumamosi kuliko saa tano na nusu ya Jumapili watoto wakiwa na njaa.

Kisichoingia, mara nyingi, ni kwaya. Usharika wenye kwaya nne, kila moja ikitaka nyimbo mbili za dakika sita, umeshakula dakika 48 kabla mtu hajafungua Biblia. Halafu kila kwaya inapanda, inapanga mistari, inasubiri kinanda kipate ufunguo wake, inashuka. Dawa yake ni zamu: kwaya mbili Jumapili hii, mbili ijayo, kila moja wimbo mmoja wa kuimba peke yake na mwingine wa kuongoza watu wote. Kutakuwa na manung'uniko wiki mbili tatu. Mwalimu wa kwaya mwenye busara huwaeleza wanakwaya mapema, si mlangoni wakiwa wameshavaa sare.

Matangazo ni donda jingine. Ibada imefika mahali watu wametulia, kisha wanasimama watu sita mmoja baada ya mwingine: mwenyekiti wa ujenzi, katibu wa akina mama, mweka hazina, na yule asiyekosekana wa kusema "mimi nitachukua dakika moja tu". Tangazo liandikwe na limfikie katibu kabla ya saa kumi jioni ya Jumamosi, msomaji awe mmoja, yasizidi saba, mengine yabandikwe ubaoni. Majina ya wasiomaliza michango yasisomwe kabisa. Aliyesomwa jina mbele ya watoto wake harudi Jumapili inayofuata, na hata akirudi haji kuomba.

Wasomaji wapewe somo Alhamisi, walisome kwa sauti nyumbani angalau mara tatu. Jumapili, kabla ya kengele, kila msomaji aende mimbarini akaweke utepe kwenye ukurasa wake. Ni jambo la sekunde kumi, lakini ndilo linalozuia ile hali ya msomaji kupekua Zaburi huku kanisa zima likikohoa.

Sasa mitambo, maana hapa ndipo ibada nyingi za mjini zinapoharibika. Ule mlio mkali unaotoboa masikio una sababu moja: sauti inatoka kwenye spika, inaingia tena kwenye maiki, inakuzwa, inatoka, inazunguka. Fundi akipunguza sauti ya jumla anakuwa ametuliza tu. Dawa ni mpangilio. Spika zikae mbele ya mstari wa maiki, zielekee kwa watu, ziinuliwe kama mita mbili ili zisiwapige usoni wa mbele na kuwakosa wa nyuma. Msemaji aikaribishe maiki mdomoni, sentimeta 10 hadi 15, na asikifunike kichwa cha maiki kwa kiganja kama wafanyavyo vijana wa sifa, kwa sababu kukifunika kunaalika mlio. Maiki isiyotumika ifungwe. Kila idadi ya maiki zilizo wazi inapoongezeka mara mbili, mnapoteza kama desibeli 3 (kipimo cha ukubwa wa sauti) za nafasi mliyokuwa nayo kabla ya mlio kuanza. Kwaya yenye maiki nane wazi inajitafutia taabu. Maiki tatu zilizopangwa vizuri zinatosha waimbaji ishirini.

Jengo lenyewe nalo lina neno. Kanisa la mabati lisilo na dari, sakafu ya saruji na kuta tupu linarudisha sauti mara nyingi, na silabi ya kwanza inaikuta ya tatu njiani. Watu wakisema hawasikii, mkono wa fundi unakwenda kuongeza sauti, na kuongeza kunazidisha mwangwi. Jaribuni kinyume: punguzeni sauti, msemaji aseme taratibu, amalizie sentensi kabla ya kuvuta nyingine. Mapazia mazito ukuta wa nyuma husaidia. Watu wenyewe ndio bora zaidi, kwani kanisa lililojaa halina mwangwi kama lililo tupu. Ndiyo maana mitambo ikipangwa Jumamosi na vijana wanne ukumbini, Jumapili inahitaji kurekebishwa.

Na mvua je? Kuanzia Desemba hadi Aprili hili si swali la nadharia. Mvua kubwa juu ya bati inashinda spika yoyote. Mhubiri anayeshindana nayo atapoteza sauti na watu pia. Wekeni makubaliano mapema: mvua ikizidi, mahubiri yanasimama palepale, kiongozi anainua mkono, kwaya inaanza wimbo ambao kila mtu anaujua kichwani bila kitabu, au watu wanakaa kimya wakiomba hadi ipungue. Mhubiri akumbuke sentensi aliyoishia. Hakuna aibu yoyote hapo.

Unyevu huohuo unalegeza ngoma za ngozi. Ngoma iliyolegea inatoa sauti ya kuzama na mpigaji anajibu kwa kuipiga kwa nguvu zaidi, mpaka ibada nzima inapanda sauti kumfuata. Ipasheni moto kama wapigaji wa Kimakonde walivyofanya siku zote: moto wa majani makavu, nje, mbali na paa la makuti, karibu nusu saa kabla ya ibada, ngozi ikizungushwa juu ya joto bila kuguswa na ulimi wa moto, huku mkiigonga kwa vidole kuisikiliza. Ikiiva mapema mno, itarudi kulegea kabla ya wimbo wa sadaka.

Jirani asisahauliwe. Mtwara na Lindi ni mikoa yenye Waislamu wengi, na mitaa mingi ina msikiti na kanisa vinavyosikilizana. Spika iliyofungwa juu ya paa ikielekea mtaani haimwongezei muumini aliye ndani chochote. Nje, sauti ya spika moja inashuka kama desibeli 6 kila umbali unapokuwa mara mbili, yaani toka mita 10 hadi 20, toka 20 hadi 40. Kwa hiyo kuigeuza spika iangalie ndani na kufunga milango ya upande wa nyumba za watu kunabadilisha mengi. Adhana ya adhuhuri huku huingia kama saa sita na robo, ikisogea kidogo kwa majira. Ibada iliyoanza saa tatu na ikaenda kwa karatasi imeshaisha saa hizo. Mkesha wa Ijumaa ni jambo jingine: baada ya saa nne usiku zimeni spika za nje, imbeni kwa midomo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inagusa kelele pia, lakini mtu asingoje kuitwa ofisini ili amheshimu mwenye mtoto mchanga ukuta wa pili.

Kuchelewa kunalaumiwa sana mimbarini, na mara nyingi lawama inaelekezwa pasipostahili. Juu ya uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, maji ni shida ya miaka mingi, na wanaokwenda kuyatafuta alfajiri ni wanawake. Ibada ikianza saa moja kamili, watakaochelewa ni walewale kila Jumapili. Msimu wa korosho, Oktoba hadi Desemba hasa, korosho zilizodondoka zinahitaji kuokotwa kabla mvua hazijazilowesha, na mkulima hawezi kuziambia zisubiri Jumatatu. Vigango vingine vitafaidika kusogeza ibada mbele saa moja kwa msimu huo, vingine kuirudisha nyuma. Waulizwe wanawake kwanza. Na anayechelewa awe na mahali pa kuingilia: wahudumu wamsimamishe mlangoni wakati wa somo au sala, wamwingize wakati wa wimbo.

Wahudumu wa mlangoni, kwa kukadiria, mmoja kwa kila watu hamsini, na wawili wasiondoke mlangoni hata mahubiri yakiwa matamu. Watu wetu hujaza nyuma kwanza. Fungeni kamba mabenchi matano ya nyuma mpaka ya mbele yajae, halafu waachieni akina mama wenye watoto wachanga benchi lililo karibu na mlango wa pembeni, si lile la kona ya nyuma wasikosikia kitu. Mtoto akilia si vurugu. Vurugu ni mhubiri anayenyamaza na kumtazama mama wa mtoto. Njia ya katikati ibaki wazi, mita moja na ushee, Pasaka na Krismasi zaidi ya siku nyingine, kwa kuwa ndipo viti vya plastiki vinapoongezwa njiani. Milango ifunguke kwa nje. Waraka wa Yakobo, sura ya 2, unaonya kuhusu kumketisha mwenye pete ya dhahabu pazuri na kumwambia maskini asimame kule. Viti vya "wageni rasmi" visome sura hiyo kabla ya kupangwa.

Maombezi ya wagonjwa ndiyo yanayohitaji utaratibu kuliko kitu kingine chochote, na ndiyo yanayoachwa yaende yenyewe. Februari 1, 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana kwenye mkutano wa maombi, walipokimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Msongamano ukizidi watu wanne au watano katika mita moja ya mraba, mtu hajiendeshi tena, anabebwa. Kwa hiyo pasiwe kamwe na kitu kimoja mahali pamoja ambacho umati mzima unaitwa ukikimbilie, iwe mafuta, maji, kitambaa au mkono wa mtumishi.

Njia salama ni hii. Watu wabaki wamekaa. Wahudumu wainue safu moja baada ya nyingine, kuanzia mbele, wapite kwa mstari mmoja upande wa kulia, warudi upande wa kushoto. Waombaji wakae wawili wawili, jozi tatu au nne, kila moja mbali na nyingine kiasi cha mita mbili, wanawake wawaombee wanawake. Muulizeni mtu jina na haja yake kwa sauti ya chini, bila maiki. Ugonjwa wa mtu, VVU au mwingine wowote, hautangazwi. Hata akitaka kuusema mwenyewe, aambiwe afikirie hadi wiki ijayo. Mkono uwekwe begani au kichwani kwa wepesi, usisukume. Pawe na mkeka na mtu wa kumdaka anayeanguka. Mzee asiyeweza kutembea waombaji wamfuate alipo. Na neno moja lisisahaulike kwa kila jozi: dawa za hospitali ziendelee. Dakika moja hadi mbili kwa mtu. Jozi nne zitahudumia watu themanini kwa chini ya dakika arobaini. Wakiwa zaidi ya hapo, wekeni ibada ya maombezi siku yake, Jumatano jioni kwa mfano.

Kwa unabii na lugha, hesabu ya Paulo inatosha. Makanisa yanayoifuata hesabu hiyo humtaka mwenye neno amwendee kwanza mzee wa kanisa aliyeketi mbele, amnong'oneze, na mzee ndiye humpa nafasi au kumwambia asubiri. Anayesema "Roho amenishika, siwezi kungoja" ajibiwe kwa mstari wa 32: roho za manabii huwatii manabii.

Meza ya Bwana inakwenda yenyewe ikipigiwa hesabu. Mtu mmoja anachukua kama sekunde sita. Washiriki 300 kwa mgawaji mmoja ni nusu saa; kwa wawili, robo saa. Kwaya isiimbe muda wote huo. Waacheni watu dakika mbili za kimya wakisharudi kuketi, lakini muwatangazie: "Tukae kimya dakika mbili." Kimya kisichotangazwa, waumini wetu wanadhani kiongozi amesahau, na mtu ataanzisha pambio kumwokoa.

Sadaka ya mazao, kuku, mihogo, nazi, mkungu wa ndizi, ipokelewe ibadani na mnada wake ufanyike nje baada ya baraka, chini ya mwembe au mkorosho. Mnada wa ndani huwageuza watu kuwa wanunuzi wakiwa bado wamo ibadani, na kuku ana ratiba yake. Pesa zihesabiwe na watu wasiopungua wawili wasio ndugu, ziandikwe, wote watie saini.

Mara kwa mara ataingia mlevi, au mtu mwenye maradhi ya akili, azungumze na mhubiri katikati ya mahubiri. Wahudumu vijana hukimbilia kumbeba, na hapo ndipo makelele yanapoanza. Apangwe mhudumu mmoja mtu mzima, mwenye subira, ambaye kazi yake ni hiyo tu. Amwendee taratibu, amwamkie, "Shikamoo mzee" au "Karibu ndugu yangu", akae naye benchi moja, ampe kitabu cha nyimbo. Wengi hunyamaza wakipata mtu wa kukaa naye. Asiponyamaza, amwalike nje wanywe maji, watoke pamoja kwa mlango wa pembeni, na mhubiri aendelee bila kuwatazama.